Bei ya Kusugua Benchi

Kila mwezi wa Aprili, klabu 32 za NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, hugawana wachezaji wanaotoka vyuoni, na klabu iliyojipatia kwotabeki hurudi nyumbani na swali lile lile: apewe namba mara moja, au kwanza asugue benchi akijifunza kwa mkongwe? Kwotabeki ndiye anayeupokea mpira mwanzoni mwa shambulizi na kuamua, ndani ya sekunde mbili tatu, aurushe kwa nani. Hakuna mchezaji mwingine ambaye uamuzi wake unaigharimu au kuinufaisha klabu kama wake. Wachambuzi wengi hulichukulia swali hilo kama la malezi: kijana amekomaa au hajakomaa? Anayeshika daftari la hesabu hulisoma vingine. Anaona muda wa bei nafuu ambao umeshaanza kwisha.

Chanzo cha unafuu huo ni mkataba wa pamoja uliofikiwa mwaka 2011 kati ya wamiliki wa klabu na chama cha wachezaji. Kabla yake, chipukizi wa kwanza kuchaguliwa alilipwa kama nyota. Mwaka 2010 Sam Bradford alisaini na St. Louis Rams miaka sita yenye dola milioni 50 za uhakika, kabla hajarusha mpira hata mmoja katika ligi. Mwaka mmoja baadaye Cam Newton, naye chaguo la kwanza, alipata dola milioni 22 kwa miaka minne. Tangu hapo mshahara wa chipukizi hupangwa kwa nafasi aliyochaguliwa, mkataba ni wa miaka minne, wa raundi ya kwanza anaweza kuongezewa wa tano kwa hiari ya klabu, na hakuna kujadiliana upya kabla msimu wa tatu haujaisha. Wakati huo huo ligi imeweka ukomo wa mishahara kwa kila klabu, ambao mwaka 2024 ulikuwa dola milioni 255.4. Mwaka huo Dak Prescott wa Dallas alisaini kwa wastani wa dola milioni 60 kwa mwaka, karibu robo ya ukomo mzima. Caleb Williams, chaguo la kwanza la mwaka huo huo, hafikishi wastani wa milioni 10. Tofauti hiyo ya milioni 50 ndiyo inayonunua mabeki, wapokeaji na ukuta wa kumlinda kwotabeki mwenyewe.

Na imenunua mengi. Russell Wilson alichaguliwa raundi ya tatu mwaka 2012, akaanza mechi ya kwanza ya msimu, na Februari 2014 Seattle ilitwaa ubingwa kwotabeki wake akilipwa chini ya dola milioni moja kwa mwaka. San Francisco ilifika fainali ya Februari 2024 ikiongozwa na Brock Purdy, chaguo la mwisho kabisa la mwaka 2022, ambaye naye hakufikia milioni moja. Basi kila msimu ambao chipukizi anaumaliza benchi ni robo ya punguzo iliyotupwa, maana saa ya mkataba haisimami kwa kuwa mwenye mkataba amekaa.

Wanaotetea benchi wana majina mazito: Aaron Rodgers, Patrick Mahomes, Jordan Love. Majina hayo yanahitaji kusomwa pamoja na risiti zake. Love alichaguliwa na Green Bay mwaka 2020, akakaa misimu mitatu nyuma ya Rodgers, akapewa namba 2023, na Julai 2024 akasaini kwa wastani wa dola milioni 55 kwa mwaka. Kimchezo mpango ulifaulu. Kihesabu, klabu ilifaidi msimu mmoja tu wa kwotabeki wa bei nafuu. Subira hiyo inawezekana Green Bay kwa sababu ndiyo klabu pekee ya NFL inayomilikiwa na umma wa wanahisa, isiyo na tajiri mmoja wa kugonga meza. Mahomes naye aliingia mwaka 2017 katika klabu ya Kansas City ambayo msimu uliotangulia ilishinda mechi 12 kati ya 16 ikiwa na Alex Smith. Benchi lake lilikuwa dalili ya utajiri wa klabu, si chanzo cha kipaji chake. Wasio na utajiri huo huumia wakiiga. Mwaka 2024 Atlanta ilimhakikishia Kirk Cousins dola milioni 100, wiki chache baadaye ikamchagua Michael Penix katika nafasi ya nane, na Desemba Cousins akawa benchi. Kiti kimoja kililipiwa mara mbili.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la madhara: kijana akitupwa uwanjani mapema ataumia na kupoteza ujasiri. Mfano unaotajwa daima ni David Carr, aliyeanza na Houston mwaka 2002 akaangushwa na mpira mkononi mara 76, rekodi ya ligi. Lakini mwaka 2005, akiwa katika msimu wake wa nne, Carr aliangushwa mara 68. Uzoefu haukumwokoa, kwa sababu ukuta ulikuwa bado mbovu. Bryce Young wa Carolina anathibitisha hilo kutoka upande wa pili. Mwaka 2023 aliangushwa mara 62 na timu ikashinda mechi mbili tu. Klabu ikaleta kocha mpya na kuwasajili walinzi wawili wa ukuta kwa mikataba ya zaidi ya dola milioni 150. Mwaka 2024 Young aliwekwa benchi baada ya mechi mbili, lakini aliporudi alicheza vizuri zaidi nyuma ya ukuta uliokwisha kulipiwa.

Hata somo la benchi lenyewe ni finyu kuliko linavyosifiwa. Mkataba ule wa 2011 ulipunguza mazoezi ya nguvu ndani ya msimu, na machache yaliyobaki huenda kwa mwenye namba. Wa akiba hubaki kutazama. San Francisco ilitoa machaguo matatu ya raundi ya kwanza ili kumpata Trey Lance mwaka 2021, ikamkalisha, akaanza mechi nne tu, akavunjika kifundo cha mguu, kisha akauzwa Dallas kwa chaguo la raundi ya nne. Kinyume chake, Peyton Manning, aliyepewa namba mara moja, alitoa mipira 28 kwa wapinzani mwaka 1998 huku Indianapolis ikishinda mechi tatu. Mwaka uliofuata ilishinda 13.

Kanuni inayotokana na hesabu hizi ni kwamba chipukizi aanze, na anayetaka kumkalisha ndiye atoe sababu. Sababu inayokubalika ni moja: kuna kitu kinachojengwa katika muda huo, iwe ukuta au benchi la ufundi, chenye bajeti na tarehe ya kukamilika. Kocha ambaye kibarua chake kiko hatarini hawezi kuachiwa uamuzi huo peke yake, kwani miaka ya mwisho ya mkataba wa chipukizi huenda asiione. Meneja mkuu auandike msimu wa benchi kama gharama, na mbele yake aandike kitakachonunuliwa. Safu hiyo ikibaki tupu, kijana apewe namba.