Valvu ya chuma kwa gurudumu la pikipiki: pima tundu kabla ya kununua

Pikipiki inapoteremka kutoka Nyarutarama, mjini Kigali, ikiwa na abiria nyuma, uzito wa watu wawili hubebwa na upepo uliofungiwa ndani ya magurudumu mawili. Upepo huo hulindwa na kifaa kisichozidi urefu wa kidole: valvu, yaani mrija mfupi unaotokeza kwenye rimu. Valvu ya mpira ikizeeka huchanika kwenye kitako chake, na tairi likapungua upepo polepole bila dereva kuona pancha yoyote. Ikikatika ghafla kwenye mteremko uliolowa mvua, dereva anaweza kushindwa kuidhibiti pikipiki.

Ndiyo maana wako madereva wanaoamua kuweka valvu ya chuma. Uamuzi huo una faida, lakini valvu isiyolingana na gurudumu inaweza kuwa hatari kuliko ile iliyoondolewa.

Je, gurudumu lina tyubu?

Magurudumu yenye spoki kwa kawaida hutumia tyubu, na valvu huwa imeunganishwa na tyubu yenyewe. Ikiharibika, hubadilishwa tyubu nzima. Valvu ya chuma inayofungwa kwa nati ni ya magurudumu yasiyo na tyubu, ambayo mengi yana rimu za alumini za kusubu. Usitegemee maandishi ya ubavuni mwa tairi peke yake, kwa kuwa tairi lisilohitaji tyubu huweza pia kufungwa pamoja na tyubu.

Kipenyo, umbo na madini

Matundu ya valvu kwenye rimu za pikipiki yana vipenyo viwili vya kawaida: takriban milimita 8.3 na milimita 11.3. Valvu nyembamba ikiwekwa kwenye tundu pana haikai katikati, na pete yake ya mpira haizibi sawasawa. Nene haiingii, na kulipanua tundu kwa keekee hudhoofisha rimu. Kwa hiyo tundu lenyewe lipimwe tairi likiwa limetolewa, kabla ya kwenda dukani.

Valvu iliyonyooka hutosha pale mkono unapofika kwa urahisi. Yenye kona ya digrii 90 husaidia pale diski ya breki au mnyororo unapozuia bomba la upepo. Jambo hili linawahusu pia wanaohamia pikipiki za umeme, kwani serikali ya Rwanda ilitangaza kwamba kuanzia Januari 2025 ni hizo tu zitakazosajiliwa upya kubeba abiria Kigali. Baadhi ya pikipiki hizo zina mota katikati ya gurudumu la nyuma, na nafasi iliyobaki ni finyu.

Ingawa huitwa ya chuma, valvu hii kwa kawaida ni ya shaba au alumini. Ya alumini ni nyepesi, lakini kiini cha shaba kikiwekwa ndani yake huweza kugandamana nayo kwa sababu ya maji na uchafu, kisha kisitoke tena. Chagua kiini kilichopakwa nikeli, na kifuniko cha plastiki badala ya cha shaba.

Kabla ya kupakia abiria

Nati ikazwe kwa kiwango alichoelekeza mtengenezaji. Ikikazwa kupita kiasi hukamua pete ya mpira na kuiharibu. Upepo ukishajazwa, paka maji ya sabuni kuzunguka kitako na mdomo wa valvu: povu likifura, kuna uvujaji. Zungusha gurudumu kwa mkono uhakikishe valvu haigusi breki wala shokabu. Kwa kuwa valvu ya chuma ni nzito kuliko ya mpira, fundi alipime upya gurudumu ili uzito wake ulingane pande zote.

Kila tairi linapobadilishwa, pete za mpira za valvu nazo zibadilishwe, kwa sababu chuma hudumu lakini mpira huzeeka. Na upepo upimwe asubuhi, tairi zikiwa bado baridi. Kwa dereva anayeishi kwa kipato cha siku, dakika hizo chache hulinda kazi yake, na pia uhai wa abiria ambaye hana njia ya kujua hali ya gurudumu lililo chini yake.