Kukodi Mashua ya Matembezi: Maneno Yamalizike Ufukweni





Makala haya tunayaandika tukiwa Sachangwan, katika nyanda za juu za Nakuru, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, mahali ambapo asubuhi ukungu hutanda juu ya mashamba ya viazi na mtu hatoki nje bila ya sweta. Msomaji wa Mombasa au wa Lamu huenda akauliza mtu wa huku ana la kusema gani juu ya mashua. Jawabu ni kwamba likizo ya Disemba ikikaribia, swali tunaloletewa sana na akina mama baada ya darsa si la mirathi wala la eda, bali ni la safari. Familia imeweka akiba, inateremka Pwani kuwazuru jamaa, mwendo wa zaidi ya kilomita 600, na watoto wameahidiwa siku moja ya kupanda chombo. Wenyeji watakaowapokea na kuwapeleka ufukweni ni nyinyi mnaolisoma jarida hili. Kwa hiyo maneno haya yana pande mbili, ya mgeni na ya mwenyeji.

Mgeni wa bara huja na mazoea ya barabara. Mashua aliyoiona, kama ameiona, ni ya Ziwa Naivasha au Baringo, ambako maji hayapwi wala hayajai kwa saa. Chombo chake cha kila siku ni matatu, na ijapokuwa sheria za Michuki za mwaka 2004 zilimfundisha kila abiria kuwa kiti kimoja ni cha mtu mmoja, sote tunajua jinsi makanga anavyoweza kulipata lile pengo la mtu mmoja zaidi. Na barabara nayo ina hatari zake. Tarehe 31 Januari 2009, hapa hapa Sachangwan, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafariki. Hatulitaji hilo kuwalaumu marehemu, Allah awarehemu. Tunalitaja ili mwenyeji wa Pwani afahamu kwamba mama wa huku anapouliza kama mashua ni salama, haulizi kwa uoga wa mtu asiyeijua bahari. Anauliza kwa kuwa anajua maana ya kutoka nyumbani na watoto wazima na kurudi na jeneza.

Sasa tuingie katika jambo lenyewe. Kukodi mashua ni ijara, na ijara ni akdi kama akdi nyingine: lazima manufaa yajulikane na ujira ujulikane. Mazungumzo ya ufukweni mara nyingi hayana kimoja kati ya hivyo viwili. Dalali hutaja bei, baba hupunguza, wanakubaliana, wanapanda. Je, bei ile ni ya mashua nzima au ya kila kichwa? Petroli imo? Ada ya hifadhi ya bahari imo, au italipwa mbali mkifika? Ni kwa saa ngapi, na saa zinahesabiwa tangu kung'oa nanga au tangu mlipoambiwa mfike? Chakula kitapikwa na nani? Mambo haya yasipotajwa, ugomvi huzuka katikati ya maji, mahali ambapo mnyonge ni aliyekodi, kwa maana hawezi kushuka akaenda zake.

Mafakihi wa madhehebu yetu ya Shafi wamegawa ijara mafungu mawili, na mgawanyo huo una faida kubwa hapa. Ukiikodi mashua maalumu uliyoionyeshwa kwa kidole, akdi imefungamana na mashua hiyo. Ikiharibika kabla ya safari, akdi imevunjika na fedha zako zirudi. Ukikodi safari iliyo katika dhima ya mwenye chombo, pasi na kutaja mashua ipi, basi moja ikiharibika ni juu yake kuleta nyingine yenye sifa mlizokubaliana. Kwa hiyo anayeonyeshwa boti kubwa yenye paa jioni, kisha asubuhi akaletewa kidau kinachovuja, ana haki ya kukataa, naye asione haya kuitumia.

Kuhusu arbuni, yaani kile kitangulizi ambacho mtu hukipoteza asipokwenda, mafakihi wamekhitalifiana: Mahanbali wameijuzisha, nasi Mashafi hatuijuzishi. Lililo salama ni kukitoa kitangulizi kikiwa ni sehemu ya ujira, na kusema waziwazi kwamba pepo ikizuia safari kitarudishwa. Na safari ikikatwa njiani kwa sababu ya hali ya bahari, nahodha alipwe kwa kadiri ya manufaa yaliyopatikana. Sharti hili la mwisho tunalisisitiza kuliko yote. Nahodha anayejua kwamba akirudi hapati hata ya petroli, atakwenda mbele wakati moyo wake unamwambia arudi.

Tufike kwenye idadi. Vitabu vyetu vya fiqhi vinamtaja mtu aliyekodi mnyama ili abebe mzigo wa kiasi fulani, kisha akazidisha, mnyama akafa: mtu huyo ana dhamana. Wakati alipokuwa ndani ya mapatano mkono wake ulikuwa mkono wa amana. Alipozidisha, amana ikaondoka. Mashua ina hukumu iyo hiyo, tena ndani yake mzigo ni roho za watu. Mmekubaliana watu 12, kisha asubuhi anatokea shangazi na wanawe watatu. Mama anasema, "Nahodha, huyu ni mtoto tu, nitampakata." Nahodha, kwa kumstahi mama wa watu, ananyamaza. Hapo ndipo pa kusimama. Mtoto wa kupakatwa ni abiria kamili, anahitaji jaketi lake na anahesabiwa katika idadi. Haya ya kumkatalia jamaa mbele ya watu ndiyo inayozidisha mizigo ya vyombo vyetu, nasi wenyeji ndio wenye haya hiyo zaidi.

Historia imetuonyesha matokeo. Kivuko kilichopinduka Mtongwe tarehe 29 Aprili 1994 kiliua watu 272, na nchi kavu ilikuwa karibu. MV Spice Islander ilizama kati ya Unguja na Pemba Septemba 2011 ikiwa imejaza watu kupita kiasi. MV Nyerere, iliyozama karibu na Ukara katika Ziwa Viktoria tarehe 20 Septemba 2018, iliruhusiwa watu 101, na waliofariki peke yao walikuwa zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo. Vyombo hivyo vilikuwa vikubwa, vyenye mabaharia wengi. Mashua ya matembezi haina uwezo wa kuvumilia hata nusu ya kosa kama hilo, kwa kuwa watoto wanne wakikimbilia upande mmoja kutazama pomboo, imeshalala ubavu.

Kwa hiyo kabla ya kutoa fedha, mwulizeni mwenye chombo leseni yake. Mamlaka inayosimamia safari za majini nchini, KMA, huvikagua vyombo vidogo na kuvipa leseni inayotaja idadi ya abiria. Anayekasirika kwa kuulizwa, mwacheni na mashua yake.

Wakati wa kwenda nao unahitaji ilimu, na hapa Waislamu tuna neema ambayo wengi hatuitumii: kalenda ya Hijria iliyotundikwa ukutani ni kalenda ya maji pia. Siku za mwanzo wa mwezi na siku za mwezi mpevu ni bamvua; katika Mombasa maji hupwa sana karibu saa nne asubuhi na hujaa karibu saa kumi jioni, na tofauti ya kimo hupita mita 3. Karibu tarehe 8 na 23 ni maji mafu, tofauti ni ndogo, na maji hujaa asubuhi. Anayetaka kuwaonyesha watoto fungu la mchanga la Kisite, ng'ambo ya Shimoni, atafute maji yaliyopwa. Anayetaka kufika magofu ya Takwa kwa njia ya mkoko kisiwani Manda, asubiri maji yajae, la sivyo atakwama matopeni. Kwa hesabu hiyo Idul Fitri daima huangukia bamvua, na familia zinazokimbilia ufukweni baada ya sala huikuta mashua imekaa mchangani, kisha jioni hurudi katika mkondo wenye nguvu. Idul Adha, ya tarehe kumi, ina maji tulivu zaidi kwa safari za watoto. Pepo nazo zina zamu zake. Kusi huwa kali Juni na Julai, na kaskazi ya Disemba huwa na asubuhi njema, lakini mchana upepo huongezeka. Nanga ing'olewe mapema.

Akina mama wameuliza juu ya mavazi. Jaketi la kuokolea maisha livaliwe juu ya buibui, lifungwe mikanda yote, tena kabla ya kupanda, si wakati mawimbi yameanza. Buibui pana huelea usoni na kuitega miguu. Livaliwe jepesi, lisilo refu kupita kifundo, na ndani yake suruali. Ushungi uchomekwe ndani, mbali na mashine. Jaketi la mtu mzima halimfai mtoto, humchomoka akigusa maji. Na kama bajeti inaruhusu, kodini mashua nzima kwa ajili ya familia peke yenu, ili mama aketi kwa raha bila ya kubanana na wasio maharimu. Wanaofika Wasini wasikose njia ya mbao iliyopita katika mikoko na bustani ya matumbawe, inayoendeshwa na kikundi cha akina mama wa kisiwa hicho.

Katika sala, mashua moja inaweza kuwa na hukumu mbili. Mgeni wa Sachangwan ambaye hakunuia kukaa siku nne kamili ni msafiri, anajumuisha na kupunguza. Mwenyeji wake wa Mombasa anayetembea siku moja karibu na mji hana ruhusa hiyo. Adhuhuri na alasiri zake ni kwa wakati wake, asimame akiweza, na akihofia kuanguka aketi, akielekea kibla.

Limebaki ombi kwa wenyeji. Wageni wakishapiga simu kusema wanateremka, waulizeni idadi yao, umri wa watoto na uzito wa kila mmoja, muwapelekee nahodha mnayemjua majina na hesabu hiyo wiki moja kabla, naye atafute majaketi ya kimo chao. Hapo shangazi atakayetokea asubuhi na wanawe watatu ataambiwa kwa upole kwamba mashua yake ni ya kesho.