Tunda Lililosingiziwa Kuoza

Mwezi wa Oktoba ukienda ukingoni, wakati matufaha ya Ulaya yameshawekwa ghalani, ndipo mmedla unapovunwa. Ni mti mfupi wenye matawi yaliyopindapinda. Tunda lake ni dogo, la rangi ya kahawia, na upande wa chini lina kishimo kipana kilichozungushiwa vijani vitano vilivyobaki tangu lilipokuwa ua. Ukiling'ata siku hiyohiyo, ulimi unakaza kama wa mtu aliyetafuna ndizi mbichi. Labda ndiyo maana limezushiwa mengi.

Huliwa likiwa limeoza. Si kweli.

Hapa Mswahili amemtangulia Mwingereza. Aliyekulia nyumba ya kuvundika ndizi anajua kwamba kuvundika si kuvunda, hata maneno yafanane vipi. Medla hupangwa juu ya majani makavu, kishimo kikitazama chini, mahali penye ubaridi, kisha husubiriwa kwa wiki kadhaa. (Ndizi hufunikwa zipate joto, hili linataka hewa na baridi. Tofauti ni hiyo.) Tunda halingoji kuvu wala bakteria. Lenyewe ndilo linalozivunja kuta za seli zake. Tanini iliyokuwa ikikaza ulimi inafifia, ukali unapungua, utamu unajitokeza. Nyama iliyokuwa nyeupe na ngumu inageuka uji mzito wa kahawia, unaoliwa kwa kijiko, wenye ladha ya tufaha lililopikwa na harufu ya mbali ya tende. Likiachwa kupita siku zake litaoza, naam, lakini hata embe huoza.

Waingereza walikula tunda hili kwa karne nyingi bila kuwa na neno maalumu la hali hiyo. Katika karne ya 19 mtaalamu wa mimea John Lindley aliazima neno la Kifaransa, *blet*, akawatengenezea.

Lazima lipigwe na jalidi kwanza. Nusu kweli. Jalidi huharakisha kulainika, lakini hata lisipopata jalidi litaiva ndani ya nyumba.

Asili yake ni Ujerumani. Si kweli.

Lawama hapa ni ya mtaalamu wa mimea Linnaeus, ambaye mwaka 1753 aliuandika mti huu kwa jina la *Mespilus germanica*. Kwao hasa ni upande wa Bahari ya Kaspi, milima ya Kaukazi na pwani ya Bahari Nyeusi. Warumi ndio walioupeleka sehemu nyingi za Ulaya. Leo Mwingereza wa kawaida huenda asijue medla ni nini, ilhali kaskazini mwa Iran tunda hilo, *azgil*, linauzwa sokoni bila ajabu yoyote.

Jina lake la Kiingereza lina maana ya mdaku. Si kweli.

Matamshi ndiyo yaliyofanana. *Medlar* limetoka kwenye *mespilon* la Wagiriki, likapita kwa Warumi na Wafaransa wa kale. Neno la mtu anayejiingiza katika mambo ya watu lina ukoo mwingine, wa kitenzi cha Kilatini cha kuchanganya. Shakespeare alijua tofauti hiyo, wala haikumzuia kuyachezea yote mawili.

Liliwahi kuwa na jina la matusi. Kweli kabisa.

Waingereza wa zamani walikitazama kile kishimo wakaliita tunda kwa jina la makalio yaliyo wazi. Wafaransa nao walimtaja mbwa na sehemu yake hiyohiyo. Neno hilo la Waingereza limo katika utani wa *Romeo and Juliet*, ila chapa ya mwaka 1597 iliona haya, ikaweka "na kadhalika" kwa Kilatini. Waturuki, kwa vijani vilevile vitano, waliona kitu kingine: moja ya majina yao ya tunda hili ni *beşbıyık*, masharubu matano. Mimi ningekaa upande wa Waturuki.

Viru ni medla ya Afrika. Si kweli.

Wazungu waliokutana na jamii ya mviru waliyaona matunda ya kahawia yenye kovu la duara nchani, wakayaita medla za mwituni. Lakini mviru ni ndugu wa mbuni, mti wa kahawa, na mmedla ni wa ukoo wa waridi pamoja na tufaha na pea. Lukwati inayopandwa katika nyanda za juu za Kenya imo kwenye ukoo huo wa waridi, japo nayo imevalishwa jina la kuazima: Wafaransa huiita medla ya Japani, na asili yake ni China.

Waliokosea tusiwacheke sana. Pasua viru, utakuta kokwa ngumu tatu hadi tano. Pasua medla, utazikuta tano.