Pakiti ya Unga na Chai ya Saa Nne

Mkazi wa Dundori anayetaka kuchora kila siku hana uhaba wa vitu vya kuchora. Magunia ya viazi yamepangwa kando ya barabara ya kwenda Lanet, mitungi ya maziwa inangoja pikipiki, punda amesimama na mkokoteni wake kwenye ukungu wa Julai, na mawingu yakipasuka kidogo Ziwa Nakuru linaonekana kule bondeni. Kinachokosekana ni nafasi. Ng'ombe wakishakamuliwa na watoto wakishaondoka, shamba linaita. Jioni mwili umechoka na taa ni hafifu. Halafu kuna suala la vifaa. Daftari la michoro linalouzwa mjini lina karatasi nzito na bei nzito vilevile, na mtu akishalinunua huogopa kulichafua. Katika kufundisha watu wazima nimeona madaftari ya aina hiyo yakikaa meupe kabatini, huku daftari la hesabu ambalo mtoto aliliacha nusu muhula ulipofungwa likijaa michoro hadi jalada.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza hauhusu mkono. Tafuta karatasi usiyoionea huruma, kisha uifunge kazi yako kwenye jambo ambalo tayari hulikosi. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96, kila mmoja akijaribu kujijengea tabia moja mpya na kuifanya wakati uleule wa siku, kwa mfano baada ya kiamsha kinywa. Katika matokeo waliyochapisha 2010, ilichukua kwa kawaida siku 66 hivi kabla ya tabia kuanza kujiendesha yenyewe, lakini watu walitofautiana mno: makadirio yalianzia siku 18 hadi 254. Wale wanaouza mbinu za siku 21 wangefaa kuzisoma tarakimu hizo. Jambo lingine walilogundua lina faida zaidi kwa mchoraji: kukosa siku moja hakukuibomoa tabia iliyokuwa ikijengwa. Aliyeshindwa Jumanne kwa sababu ya mazishi au mvua ana Jumatano yake kamili, wala hadaiwi michoro miwili.

Huku kwetu wakati wa kufungia tabia upo, tena unajulikana na kila mtu: chai ya saa nne. Penseli ikae karibu na vikombe. Chai inapopoa, chora kilichoko mezani, basi. Mwalimu wa kuchora wa New York, Kimon Nicolaïdes, ambaye kitabu chake kilitoka 1941, miaka 3 baada ya kifo chake, aliwaanzishia wanafunzi zoezi la kufuata ukingo wa kitu kwa macho, polepole, penseli ikienda kwa mwendo ule wa jicho, na mchoraji asiitazame karatasi. Chukua kiazi cha Shangi chenye vijishimo vyake ujaribu hivyo. Mchoro utatoka kombo. Acha ukae kombo, kwa kuwa zoezi hili linafundisha kutazama, na kiazi kilichotazamwa dakika 5 hakifanani tena na kile tunachodhani tunakijua kwa vile tunakimenya kila siku.

Lakini zipo siku ambazo mkono unagoma. Umeshika jembe tangu alfajiri, vidole vimekaza, mstari hautii amri. Siku kama hizo ndizo zinazoua mazoea, na ndizo kolaji, yaani picha ya kubandika vipande vya karatasi, inazofaa. Wazazi wengi wameijua kolaji kutoka kwenye kazi za nyumbani za mtaala wa umilisi, mtoto anapodai gundi na magazeti saa mbili usiku, kwa hiyo wanaiona kuwa mchezo wa watoto. Hilo ni kosa, na Rosemary Karuga ndiye shahidi wangu.

Karuga alizaliwa Meru mwaka 1928, baba Mganda na mama Mkenya. Alisomea Makerere, katika shule ya sanaa iliyoanzishwa na Margaret Trowell, kuanzia 1950 hadi 1952, akiwa mwanamke wa kwanza kusomea sanaa pale. Kisha alirudi Kenya akawa mwalimu, na kwa miongo kadhaa kazi yake mwenyewe ikakaa pembeni, kama inavyowatokea walimu wengi. Alirudia sanaa baada ya kustaafu, mwishoni mwa miaka ya 1980, alipokaribishwa Paa ya Paa jijini Nairobi, kituo ambacho Elimo Njau na wenzake walikianzisha 1965. Fedha za kununua rangi hakuwa nazo. Alizokuwa nazo ni pakiti za unga na karatasi za sabuni ya Rexona, akazikata vipande vidogo na kuvibandika kimoja baada ya kingine hadi vikawa kuku, wanyama, wanawake kijijini. Mwaka 1990 kazi zake zilionyeshwa Studio Museum in Harlem, New York, akiwa mwanamke pekee kati ya wasanii wa Afrika waliochaguliwa kwa maonyesho yale. Alifariki Ireland Februari 2021, akiwa na umri wa miaka 92.

Kisa hiki husimuliwa kana kwamba ufukara ni baraka. Mimi sikubali, rangi zingekuwa na bei nafuu zaidi, tungekuwa na akina Karuga wengi. Ninachokiona katika kazi yake ni namna uchache wa rangi unavyoharakisha uamuzi. Pakiti ya unga ina nyekundu, manjano, labda buluu au kijani, na nyeupe ya karatasi. Mwenye rangi nne hapotezi chai nzima akiwaza aanze na ipi. Anachagua kipande, anakisogeza, anakigeuza, anabandika. Mkono uliochoka unaweza kazi hiyo, kwa maana ustadi wake uko katika kuchagua.

Karatasi yenyewe pia si ya kudharauliwa. Hutengenezwa kwa nyuzi ndefu za miti kama msonobari, ndiyo sababu inabeba kilo 2 bila kupasuka. Ichane kwa mkono uone: upande mmoja inachanika moja kwa moja, upande wa pili inakwenda ovyo. Ule mchaniko ulionyooka ndio unaokuonyesha nyuzi zimelala wapi. Karatasi ikilowa hutanuka zaidi kwa kukata nyuzi kuliko kwa kuzifuata, na hapo ndipo mikunjo ya kolaji inapozaliwa. Panga vipande vikubwa nyuzi zake zielekee upande mmoja na zile za ukurasa. Ukishapaka gundi, ngoja dakika moja kipande kimalize kutanuka, ndipo ukibandike na kukiwekea kitu kizito juu.

Gundi utaipika. Kijiko kimoja cha unga wa ngano, maji baridi vijiko vitano au sita, koroga yasibaki mabonge, kisha moto mdogo. Joto likipita nyuzi 60 hivi, chembe za wanga huanza kuvimba na uji unageuka kuwa mzito, wa kung'aa kidogo, epua. Unga wa mahindi unashika pia, ila chenga zake zinaacha vipele. Paka nyembamba, na gundi iliyobaki usiiweke zaidi ya siku mbili, kwa baridi na unyevu wa Dundori ukungu wa kuvu unaipenda kuliko wewe. Kurt Schwitters, Mjerumani aliyekuwa akibandika tiketi za tramu na takataka za mtaani tangu 1919, aliwekwa kizuizini na Waingereza kwenye Kisiwa cha Man mwaka 1940. Kwa kukosa vifaa alifinyanga sanamu kwa uji aliopewa, nazo zikaota kuvu na kunuka. Nadhani majirani zake walikuwa na maoni.

Magazeti yatumie ukijua yatageuka manjano: karatasi yake imebaki na lignini ya mti, na mwanga huibadilisha rangi. Picha unayotaka idumu iweke ndani ya daftari, mbali na dirisha. Upande wa ndani wa pakiti, usio na chapa, unapokea penseli vizuri, kwa hiyo chora hapo, ukate ulichochora, ukibandike juu ya rangi. Siku nyingine kata kwanza bila kuchora, na kesho yake uchore kile ulichokikata.

Daftari litavimba. La kurasa 96 lililobanwa kwa pini, ukibandika kila ukurasa, litapasuka mgongoni kabla hujafika katikati. Usiling'oe karatasi, maana pacha wake wa upande wa pili wa pini atalegea. Kata kwa wembe karatasi moja katika kila tatu, ukiacha ukanda wa upana wa kidole karibu na mshono. Ukanda huo unajaza unene wa vipande, na jalada linafunga sawasawa.