Malindi, mji wa raha na udongo wa bara

Sababu za kwenda Malindi ni nyingi, na wenye hoteli wamekwisha kuzitangaza: nyumba nyeupe zilizoezekwa makuti, kuta zilizofunikwa na maua ya zambarau, vibaraza vinavyotazama Bahari ya Hindi, mikahawa ambako mpishi Mgiriama anakanda unga wa piza huku akimsalimia mgeni kwa Kiitaliano kilichonyooka. Yote ni kweli, na mtu wa Uwemba, kwetu Njombe, aliyezoea kulala na mablanketi mawili Juni na Julai ataburudika sana. Lakini sababu iliyonikaa rohoni haimo katika matangazo hayo. Sababu hiyo ni udongo.

Kwanza yale yanayopasa kusemwa. Kenya ina eneo la kilomita za mraba 580,367, na sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 47,564,296. Kwa Katiba ya 2010 imegawanywa katika kaunti 47, kila moja na gavana wake aliyepigiwa kura. Malindi imo katika Kaunti ya Kilifi, yenye watu 1,453,787, na mji wenyewe ulikuwa na watu 119,859. Kutoka Mombasa ni kilomita kama 120 kwa barabara. Mtanzania haombwi viza. Fedha yao ni shilingi kama yetu, ila nzito zaidi. Asubuhi ni mahamri kwa mbaazi, mchana wali wa nazi na samaki. Basi.

Historia yake ni ndefu. Mwaka 1415 twiga alipelekwa kutoka Malindi hadi kwa mfalme wa China. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipokewa vizuri hapa akapewa rubani wa kumvusha mpaka India, na nguzo ya Wareno bado imesimama juu ya mwamba, mawimbi yakipiga chini yake. Wakatoliki wenzangu watapenda kukiona kikanisa kidogo cha Wareno. Mtakatifu Fransisko Ksaveri alipita Malindi mwaka 1542 akielekea Goa. Waitaliano walianza kuzoea mji huu miaka ya 1960, walipojenga kituo cha kurushia maroketi baharini kule Ngomeni. Desemba 12, 1970, kituo hicho kilirusha setilaiti iliyoitwa Uhuru. Kuna pia hifadhi ya bahari, iliyotangazwa mwaka 1968, na ndiyo iliyonifikisha kwenye jambo lenyewe.

Nilikwenda kuyaona matumbawe. Nahodha aliyetupeleka alitazama maji, akatuambia tungojee siku nyingine, kwa sababu huko bara mvua imenyesha. Sikumwelewa. Juu yetu anga lilikuwa safi na jua linachoma. Akanyoosha mkono kaskazini: bahari ilikuwa imegawanyika, upande mmoja buluu, upande wa pili rangi ya chai ya maziwa, na mpaka kati yake umenyooka kama uliopigwa rula. Alisema kwamba mvua ikinyesha Nairobi na Ukambani, wao huiona huku baharini.

Kilomita chache kaskazini mwa mji ndipo mto Sabaki unapoingia baharini. Ni mto mmoja wenye majina matatu. Unaanzia nyanda za juu karibu na Nairobi ukiitwa Athi, unapita Ukambani, unapokea maji ya mto Tsavo na kuitwa Galana, kisha unafika pwani ukiitwa Sabaki, baada ya safari ya kilomita zipatazo 390. Nilitembea hadi mdomoni mwake wakati wa maji kupwa. Mikoko imeota, heroe wamesimama kwenye tope, na mchanga unang'aa jua likiupiga. Nilichota nikausugua kiganjani. Zikabaki chembe za ulanga zikimetameta kama dhahabu. Mawe ya ulanga hayako Malindi. Hizo zimetoka vilimani bara, zikasagwa na mto njia nzima.

Tangu hapo sikuweza kutazama kitu kingine. Ufuo wa Malindi wenyewe umepanuka kwa mzigo huo: zipo hoteli zilizojengwa karibu na maji ambazo leo mgeni hutembea mchangani kitambo kabla hajalowesha miguu. Wakati wa kaskazi, kuanzia Novemba hadi Machi, upepo na mkondo husukuma maji ya tope kusini, moja kwa moja kwenye ghuba ya mji. Kusi ikivuma, tope huelekea kaskazini na mji hupumua.

Kuna jambo jingine la ajabu zaidi. Tumbawe hukua tabaka juu ya tabaka, kama miduara tunayoiona kwenye gogo la msindano likikatwa kiwandani Njombe. Udongo wa mto hubeba madini ya bariamu, na tumbawe huyahifadhi mwilini mwake kadiri yanavyolifikia. Wanasayansi walitoboa tumbawe moja la Malindi lenye umri wa miaka 300, wakapima bariamu tabaka kwa tabaka, na mwaka 2007 wakachapisha walichokiona. Kuanzia 1700 hadi 1900 udongo ulioletwa na Sabaki ulikuwa karibu uleule. Baada ya 1900 ukapanda mfululizo. Kilele kilikuwa kati ya 1974 na 1980, ulipofika mara tano hadi kumi ya kiwango cha asili. Misitu iliyokatwa, mashamba yaliyofunguliwa ovyo, ukame wa mwanzo wa miaka ya 1970: yote yameandikwa katika mwili wa mnyama wa baharini ambaye hajawahi kuona jembe.

Wakenya hawakukaa tu. Miaka ya 1930 vilima vya Machakos, huko Ukambani, vilisemwa kuwa vimekwisha. Serikali ya kikoloni ililazimisha watu kuchimba matuta, wakayachukia. Baadaye Wakamba wenyewe, katika vikundi vyao vya mwethya, walichimba makinga maji ya fanya juu: unachimba mfereji ukifuata usawa wa mteremko na kutupa udongo upande wa juu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1994 ulionyesha kwamba watu wa Machakos waliongezeka zaidi ya mara tano kati ya 1932 na 1990, na bado mmomonyoko ulipungua.

Sasa tujitazame sisi. Ni mara ngapi tunaona Njombe matuta ya viazi yakishuka na mteremko badala ya kuukingama, eti maji yapite upesi? Yanapita, na mbolea tuliyoikopea inapita nayo. Vinyungu vya mabondeni tunavilima mpaka jembe linagusa mto. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inasema mita 60 kutoka kingo za mto zisiguswe. Kila mwenyekiti wa kijiji anaijua namba hiyo, na wachache wanaisimamia. Majirani zetu Wamatengo wa Mbinga wanalima miteremko mikali kuliko yetu kwa ngoro, yale mashimo yanayokamata maji na majani, tangu enzi za mababu. Hatujakwenda kujifunza kwao, na Mbinga haihitaji hati ya kusafiria.

Udongo wetu pia una safari yake. Ruhuji unaopita Njombe mjini huingia Kilombero, na Kilombero huingia Rufiji. Zamani tope hilo lingefika kwenye mikoko ya delta, mkabala na kisiwa cha Mafia. Leo njiani lipo Bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa kutoa megawati 2,115 za umeme, na kila tope linalotuama ndani yake hula nafasi ya maji.

Anayetaka bahari safi aende Malindi Septemba au Oktoba, kusi ikiwa imelegea. Ila mkulima wa Uwemba namshauri aende Desemba, na njiani asilale anapopita Ukambani. Atazame matuta vilimani, kisha akifika amwombe nahodha ampeleke mpaka pale maji yanapobadilika rangi.