Kutoka Bukene hadi Mumbai: Masafa na Saa za Angani

Masafa ya ndege hupimwa juu ya tufe la dunia, si juu ya karatasi ya ramani. Njia fupi kati ya miji miwili ni tao la duara lenye kitovu kimoja na dunia, na kila digrii ya tao hilo ni kilomita 111 hivi. Kati ya Dar es Salaam na Mumbai kuna digrii 42 na ushei, yaani takriban kilomita 4,680, karibu zote juu ya Bahari ya Hindi.

Tao la kutoka Bukene, magharibi mwa Tanzania, lingekuwa yapata kilomita 5,100, ila hakuna ndege inayolifuata. Msafiri hushuka kwanza Tabora, kilomita 90 hivi kusini, kwa barabara au kwa reli ya Mwanza, kisha huruka kilomita 730 hadi Dar es Salaam. Mzunguko huo huongeza kilomita 400 tu. Kinachomla msafiri ni kusubiri. Hata hivyo, karne ya 19 nchi kavu ilikula muda zaidi. Mwaka 1857 wapelelezi Burton na Speke walitumia siku 134 kutoka pwani hadi Kazeh, ndiyo Tabora. Mwaka 1871 Stanley alitumia 84. Misafara yote miwili ilikuwa na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyevushwa bahari akiwa mtumwa, akaishi India, akarudi akiwa huru. Pembe za ndovu zilizobebwa na wapagazi wa Kinyamwezi nazo zilivuka kwenda Bombay, Mumbai ya leo, kupitia Unguja.

Air Tanzania ilianza safari za moja kwa moja kwenda Mumbai mwaka 2019. Boeing 787 ikienda kilomita 900 kwa saa, hesabu inatoa saa tano na dakika 12. Ukiongeza kupaa, kushuka na mizunguko ya uwanjani, inakaribia saa sita. Saa ya India iko mbele kwa saa mbili na nusu, hivyo anayeondoka Dar es Salaam saa nne asubuhi hufika Mumbai saa kumi na mbili na nusu jioni. Akirudi, saa hizo mbili na nusu hurudishwa: akiondoka saa nne asubuhi, hutua saa saba na nusu mchana.

Upepo hubadili hesabu hiyo, tena kwa namna ambayo nahodha wa jahazi asingeitarajia. Kusi, upepo wa msimu, ndiyo iliyosukuma majahazi kuelekea India, ingawa Juni na Julai bahari ilichafuka mno na manahodha waliikwepa miezi hiyo. Lakini katika miezi hiyo hiyo, zaidi ya kilomita kumi juu, upepo wenye nguvu huvuma kutoka mashariki, kusini mwa India hadi Afrika. Ndege iendayo Mumbai Julai huukabili. Irudiyo Dar es Salaam husukumwa nao.