Neno "Kauri" na Vinyago vya Misri ya Kale

Wafasiri huviita "vya kauri" vinyago vidogo vya wanyama watakatifu wa Misri ya kale. Neno hilo lapotosha. Kauri ni simbi, kisha vyombo vya Kichina vya udongo mweupe. Vinyago hivi si udongo, bali kwatsi iliyosagwa, ikachanganywa na chokaa na magadi, na shaba ikaitia rangi ya buluu. "Fayansi" nalo latokana na Faenza, mji wa Italia wa wafinyanzi, hivyo kosa ni lile lile. Wamisri wenyewe walisema tjehenet, "king'aacho". Hilo ndilo lifaalo kufasiriwa.

Kiboko, azoeleweye na wakazi wa Musoma na Bunda, alikuwa sura ya Taweret, mlinzi wa wajawazito. Hata hivyo aliogopwa: yule aliye katika makumbusho ya Metropolitan, New York, yaelekea alivunjwa miguu mitatu makusudi, asimdhuru maiti.